Kwa Dada Yangu Sahra, Aliyeketi Kula na Mhunzi

Abaayo Sahra, dada yangu mpenzi,

Asalaam aleikum huko uliko. Nakuandikia nikiwa Galbet, kwenye kibaraza cha nyumba ya Abdi, mwanangu mkubwa, yule uliyempakata Mombasa alipokuwa bado anatambaa. Najua barua hii haikufikii. Nilikuosha kwa mikono yangu mwenyewe kabla hawajakuchukua kwenda makaburini. Naiandika wazi ili wengine wayasome mambo ambayo nyumbani kwetu yamefungiwa tangu siku za vita. Nimekwisha kumwambia Ifrah aiweke kwenye simu, watu watumiane. Watakaokasirika wanapajua kwangu.

Ifrah ni binti ya Abdi. Amesoma mpaka chuo, na ulimi amerithi wako. Juzi alikuwa akishona kifungo cha kanzu ya baba yake, sindano ikakatika mkononi. Akaokota pakiti, akaisoma ilikotengenezwa, akaniambia, "Ayeeyo, bibi yangu, hata sindano tunaletewa kutoka ng'ambo! Wenzetu wametengeneza ndege. Sisi miaka yote hiyo tulikuwa tunafanya nini?"

Abdi alikuwa mlangoni akivaa viatu. Akamjibu yale tunayoyajibu sote hapa mjini: mkoloni alitufungia wilaya, mtu hawezi kutoka wala kuingia bila kibali, mvua ya kwetu haina imani, vita vikatumaliza, serikali ikatusahau. Yote ni kweli na mimi nimeyaishi. Lakini Ifrah hakuwa akiuliza habari ya sindano tu, na baba yake alijua hivyo. Ameposwa na kijana anayeitwa Yusuf, mwenye duka la simu na taa za sola, na Abdi amekataa kwa sababu Yusuf ni mtoto wa ukoo wa wahunzi. Nusu ya mtaa huu humpelekea simu zao zilizokufa azifufue. Simu wanampa, binti hapana.

Nilikukumbuka papo hapo, abaayo. Nikakukumbuka ukiwa umeshika mchi, jasho likikutoka, ukinikonyeza.

Unaikumbuka siku tuliyoingizwa ndani ya seng'enge? Serikali ilipaita kijiji, sisi tulipaita zizi. Baadhi ya wanaume wetu walikuwa porini na bunduki wakipigana na serikali, barabara ya Modogashe ilikuwa imetegwa mabomu, na sisi tuliobaki tulikusanywa pamoja ili tuonekane. Hooyo, mama yetu, alizoea kuibomoa nyumba asubuhi, kuipakia juu ya ngamia na kuisimamisha kwingine kabla ya jua kuzama. Siku hiyo aliisimamisha mahali alipoonyeshwa na askari, mlango ukitazamana na mlango wa watu wengine, akakaa chini akalia kwa aibu. Ngamia walibaki nje. Malisho ya karibu yakaisha, wakawa wanakuja kusimama kwenye waya wakituita, na hatukuweza kuwapeleka popote. Walikufa mbele ya macho yetu.

Na pale getini walikusanya chuma chote. Mikuki, mashoka, majambia, visu vya nyama, hata shazia za kushonea mikeka. Aabo alivua jambia la babu yake kiunoni, akaliweka juu ya rundo bila kusema neno. Baba yetu aliyekuwa na maneno kwa kila mtu! Kuanzia siku ile hakukuwa na makali ndani ya kijiji kizima.

Baadaye tuliletewa mwalimu. Alitoka "Kenya", kama tulivyosema zamani zile, utadhani sisi tulikuwa nchi nyingine. Alikuwa kijana mpole, aliyeogopa ngamia kuliko alivyoogopa risasi. Alitufundisha chini ya turubai, na Kiswahili hiki ninachokuandikia ndipo kilipoanzia. Siku moja alichora garimoshi ubaoni, na pembeni yake kiwanda chenye dohani, akatuuliza, "Kwa nini wengine walitengeneza hivi, na wengine hawakutengeneza?" Sisi watoto tukatazamana. Akajijibu mwenyewe kwamba mtu anayehamahama hawezi kujenga, maana kila akitaka kuanza kitu anahama.

Aabo alikuwa amesimama nje ya turubai akisikiliza. Hakuweza kunyamaza. Akaingiza kichwa.

"Bwana mwalimu, nyumba yako iko wabi?"

"Nyeri, mzee."

"Nyumba ya mabati?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Mfua ikikataa Nyeri, ikinyesha bahali ingine, hiyo nyumba nakwenda? Nabandisha juu ya ngamia?"

Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka mpaka akaweka chaki chini. Aabo alitembea kifua mbele wiki nzima. Alimsimulia kila aliyekutana naye kwenye foleni ya maji, na kila mara nyumba ya mwalimu ilizidi kuwa kubwa na nzito.

Wewe ulisubiri mpaka tulipokuwa wawili tu. Ukasema, "Aabo amejibu vizuri sana, lakini swali hakulijibu."

Nilikasirika kwa niaba yake. Nilikuwa mdogo na nilitaka tuwe tumeshinda.

Kisha jirani yetu Kaltuma akajifungua. Hooyo ndiye aliyekuwa mkunga, unajua, na wembe wake uliishia kwenye rundo la getini pamoja na vingine. Alikwenda kuomba arudishiwe, akafukuzwa. Akakata kitovu cha mtoto kwa ukingo wa kopo la maziwa. Mtoto alinyonya siku chache, taya zikaanza kukaza, mwili ukajipinda, akafa. Hooyo alirudi akakaa pale mlangoni akiitazama mikono yake, na chakula hakukigusa. Wewe hukulia. Ulifunga ushungi wako ukaenda moja kwa moja kwenye vibanda vya mwisho kabisa, karibu na vyoo, ambako tulikuwa tumewasukuma wahunzi.

Sitaliandika lile jina tulilowaita. Wanaolijua wanalijua, na wasiolijua hawatajifunza kwangu. Tuliwaita ili watutengenezee mkuki, hatamu na kijiko, kisha tukawafukuza wakati wa kula. Hatukuoa kwao, hatukuwaozesha, hatukunywa kwenye kikombe walichonywea. Ukiuliza sababu uliambiwa kwamba babu yao, wakati wa njaa kuu, alikula mzoga. Na wewe, mbele ya shangazi zetu wote, ukauliza, "Na babu zetu, wakati wa njaa hiyohiyo, walikula nini hata wakaishi?" Shangazi mmoja alikurushia kiatu.

Nuur, mhunzi kijana uliyemkuta kule kwenye vibanda vya mwisho, hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Sijawahi kukutana na mtu anayejisifu kama yeye. Ulimwambia habari ya mtoto wa Kaltuma, akasema, "Nipe mlango wa ndege nikupe kijiko chenye maua. Kisu cha mkunga ni kazi ya kuchezea." Chuma alikuwa nacho. Kilikuwa kipande cha springi ya lori lililolipuliwa kwenye barabara ya Modogashe. Alikuwa amekiingiza kwa kukifunga kwenye paja ndani ya shuka, akachechemea getini kwa uchungu mwingi hata askari akamshika mkono kumsaidia. Kisa hicho alinisimulia mara nyingi sana baadaye, na kila mara askari alizidi kumhurumia. Aabo na Nuur wangependana, laiti wangeruhusiana.

Shida ilikuwa sauti. Moto ungeweza kufichwa ndani ya shimo, na mvukuto wa ngozi ya mbuzi hauna kelele nyingi, lakini nyundo husikika mpaka getini, na mhunzi aliyekamatwa akifua chuma ndani ya kijiji kile angeitwa mtengeneza silaha. Ni wewe uliyepata dawa. Tulikuwa tunapewa mahindi ya msaada, magumu, hatukuyazoea. Uliwakusanya wasichana, mkaweka vinu kando ya kibanda chake, na kila nyundo iliposhuka, michi ilishuka. Mlitwanga asubuhi, mlitwanga baada ya adhuhuri. Mimi kazi yangu ilikuwa kuimba kwa nguvu askari akikaribia.

"Hawa wamama wanapenda ugali kuliko sisi," askari mmoja alimwambia mwenzake, wakapita.

Aabo naye akawa anauliza nyumbani, "Mahindi gani haya yasiyokwisha kutwangwa? Na mbona uji wenyewe siuoni?" Hooyo alijifunika uso kwa ushungi, mabega yakimtikisika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu tuingie.

Katika kutwanga huko ndiko mlikozungumza. Nakumbuka ulimuuliza Nuur nani mwingine anajua kazi ile. Akasema baba yake na yeye, na mwanawe siku akijaliwa. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaacha kujisifu. Akasema babu yake aliwahi kutengeneza kufuli ambalo hakuna mwizi aliyeweza kulishinda, watu wakalitafuta mpaka Kotile. Babu akafa kwa ndui kabla mwanawe hajakua, na kufuli likafa naye. "Hakuna mtoto wa watu aliyewahi kuruhusiwa kukaa kwenye moto wake," alisema. "Mama zao waliwavuta mikono. Baba yangu alianza upya na vijiko."

Jioni ile tukiwa kwenye foleni ya maji uliniambia jibu lako kwa mwalimu. Nilikuwa sijakuomba. Ulisema, "Garimoshi halikutengenezwa na mtu mmoja, Dekha. Mmoja anafua kitu, wa pili anakaa karibu anatazama, anaona kasoro, anaongeza chake, wa tatu naye vivyo hivyo. Kwetu nani amewahi kukaa karibu? Tunamwachia mtu mmoja moto, tunakwenda kuoga kwa sababu tumepita kwenye moshi wake." Nilikuuliza kama utamwambia mwalimu. Ukasema mwalimu si mtu wa kuambiwa, wa kuambiwa ni sisi.

Kisu kikatoka. Kidogo, chembamba, mpini wa mfupa. Hooyo alikichemsha na kukifunga ndani ya nguo yake, na watoto waliozaliwa kwa kisu kile waliishi. Wengine wao ni wazee wenye vitambi hapa mjini leo, na ndio wanaotikisa vichwa wakisikia habari ya Yusuf.

Kisha ikaja Idi ya kuchinja. Mbuzi dume walikuwa wamebaki wachache, wamekonda, lakini wazee walisema Idi haitapita bila damu ya sadaka hata tukiwa ndani ya waya. Wakatuma ujumbe getini kuomba kisu cha siku moja. Wakakataliwa. Mzee mmoja akaleta kipande cha bati alichokuwa akikinoa kwenye jiwe, sheikh akakitazama akasema huku ni kumtesa mnyama, haifai. Swala imekwisha, mbuzi wamefungwa, wanaume wa ukoo wenye kutambiana kwa nasaba tangu enzi wamesimama mikono mitupu. Hooyo akatoka mbele ya wanaume wote, akafungua pindo la nguo yake, akampa Aabo kisu.

Aabo alikigeuza mkononi. Alijua mara moja kazi ya nani. Na mlio wa mahindi nao akaujua hapo, niliona usoni mwake. Akasema Bismillahi, akachinja.

Nyama ikaiva, masinia yakapangwa, wanaume wakakaa duara duara. Nuur na baba yake walipelekewa zao ndani ya kopo, kule kwenye vibanda vyao. Hakuna aliyewazia tofauti. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, hata Nuur mwenyewe alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kulipokea lile kopo. Wewe ulikuwa umebeba sinia la wanawake. Ulipita katikati ya duara zote ukiwa nalo, ukafika kwake, ukaliweka chini. Ukakaa, ukaingiza mkono, ukala naye.

Wanaume wakaacha mikono yao ndani ya masinia, wakakutazama.

"Sahra," Aabo aliita. "Inuka."

"Aabo, wewe umekula kwa mkono wake kabla yangu," ulisema. Hukupaza sauti. Ukaendelea kutafuna.

Hakukupiga. Ningependa angekupiga, yangekwisha. Hakulitaja tena jina lako, hata pale ulipokuwa umekaa mbele yake ukimmiminia chai. Waya ulipofunguliwa na vita kuisha, Nuur alituma wazee wake kuja kukuposa kwa heshima, na Aabo hakuwakaribisha hata kukaa. Basi mkaenda masafa. Watoto wa leo hawajui neno hilo, nitawaeleza: binti aliyekataliwa na baba yake huenda na mchumba wake mwendo mrefu, mbali kiasi ambacho sheria inamruhusu kadhi kuwaozesha bila baba. Ulipanda lori la ng'ombe asubuhi, ukavuka daraja la Tana, hukugeuka nyuma. Mimi nilisimama mpaka vumbi likatulia. Nilitamani kulia ila nilijivunia zaidi.

Nilipopata mshahara wangu wa ualimu, safari ya kwanza niliyofunga ilikuwa ya kwako. Nilimkuta Nuur kwenye gereji yake ya Majengo, Mombasa, bado anajisifu, amezungukwa na vijana. Mkamba alikuwa akishika tochi ya kulehemu, Mgiriama akinoa patasi, Msomali wa ukoo wetu sisi akifagia vyuma huku akijifunza. Mmoja akiona kasoro alisema, mwingine aliongeza. Mwaka hadi mwaka niliporudi, wale wamefungua karakana zao na wana wanafunzi wao. Ukanishika mkono ukaniambia, "Hapa hakuna anayeuliza babu yetu alikula nini. Wanauliza gari litatoka lini." Tulicheka mpaka ukaketi chini.

Kwa hiyo Ifrah aliponiuliza tulikuwa tunafanya nini miaka yote hiyo, nilikuwa na la kumwambia. Simsamehe aliyetufungia wilaya. Simsamehe aliyewaacha ngamia wetu wafe kwenye waya, maana mali ya vizazi iliozea pale, na watu waliotoka kule hawakuwa na hata mbuzi wa kuanzia. Mwenye kusema umaskini wetu ni uvivu, aje hapa kibarazani anitazame machoni. Lakini wale wote hawakutukataza kula na mhunzi. Hilo tulijikataza wenyewe, kabla Mzungu wa kwanza hajaonekana, tukalilinda kuliko tulivyolinda visima. Siwezi kurudisha ngamia wala kubadili mvua. Hili naliweza.

Jana baada ya alasiri nilimwita Abdi nikamkalisha. Nilikuwa nimegundua kwamba Ifrah amefunga mfuko wake na kuuficha kwa jirani. Alitaka kwenda masafa kama wewe. Nilimsimulia Abdi habari yako yote, toka mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alijua tu kwamba ana mama mkubwa Mombasa.

"Hooyo, nina mabinti wengine," alisema. "Nani atawaoa? Watu watasema nini?"

"Watasema. Walisema wakati ule pia."

"Na Aabo wako? Angekubali?"

Nikamwambia kweli. "Babu yako alikuwa mtu mwema, na alikufa akitazama mlango. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza shingo, akaona si Sahra, akarudisha. Nilimuuliza nimwite? Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Unataka kufa hivyo, Abdi?"

Alikaa na mikono yake magotini mpaka muadhini akaadhini magharibi. Alipotoka msikitini hakuja kwangu, alikwenda kwa jirani. Akarudi na ule mfuko wa Ifrah begani, akauweka chumbani mwa binti yake, akamwambia, "Mwambie Yusuf alete wazee wake. Wale nasi kwanza, halafu tuzungumze."

Tangu asubuhi simu hazikomi. Wajomba wanatishia, shangazi mmoja anaumwa ghafla, na mzee mmoja wa wale waliozaliwa kwa kisu cha Hooyo ametuma kuniambia kwamba nimezeeka vibaya. Nimemjibu kwamba aje Ijumaa aone. Ijumaa baada ya swala Abdi atakaa mbele ya sheikh, hapahapa nyumbani kwake, mchana kweupe, aseme kwa kinywa chake kwamba anamwoza binti yake Ifrah kwa Yusuf. Wakitaka kuondoka, mlango ni mpana. Nami nitakuwa nyuma ya pazia na wanawake, na sauti ya Abdi ikikwama, wataisikia yangu.

Pumzika, abaayo. Mtoto wetu haendi masafa.

Ni mimi mdogo wako,
Dekha